Mtu wa Kitui na Maneno Yetu Mawili

Kwa muda wa miaka thelathini nimekuwa na ugomvi na mtu mmoja wa Kitui ambaye hatukupata kuonana wala kuandikiana barua. Ugomvi wenyewe ulihusu maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Yeye aliyachukua maneno hayo akayapeleka katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, wakayasoma watu wasiojua hata kuamkiana kwa Kiswahili. Nami niliyezaliwa nayo mdomoni nikaona nimenyang'anywa kitu changu, kisha nikarudishiwa kikiwa kimepinda.

Mtu huyo ni marehemu Profesa John Samuel Mbiti. Alizaliwa Kitui mwezi wa Novemba mwaka 1931, akafariki dunia huko Uswisi mwezi wa Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 87. Kitabu kilichomtoa jina ni kile alichokiandika kwa Kiingereza juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotolewa mwaka 1969 na ambacho baadaye kilifasiriwa kwa lugha nyingi, Kifaransa na Kijerumani zikiwamo. Asilimuliwe mtu mambo ya dini za Kiafrika katika chuo chochote duniani bila ya kutajiwa Mbiti, ama kwa kusifiwa ama kwa kupingwa.

Hoja yake iliyoniudhi ni hii. Alisema kuwa maneno ya Kiingereza ya wakati uliopita, uliopo na ujao yamebeba mawazo ya wenyewe, hayafai kuelezea wakati kama anavyouona Mwafrika. Basi akaazima ya Kiswahili. Sasa, kwake yeye, ni kile kipindi anachokiishi mtu: mambo ya leo, ya juzi na jana, na yale yaliyo karibu kutukia. Zamani ni bahari kuu iliyo nyuma, ambamo kila kitu huishia. Wakati kwa hiyo hauendi mbele. Hurudi nyuma, ukatoka Sasa ukaingia Zamani. Hata maiti, maadamu yuko mtu hai aliyemjua na anayemtaja kwa jina lake, bado yumo katika Sasa pamoja na walio hai. Siku atakapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo naye huzama. Ama wakati ujao ulio mbali, alisema Mbiti, hapo kale haukuwako. Akatoa ushahidi wa vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, ya kwamba njeo zake za mbeleni hufika miezi sita hivi, wala hazivuki miaka miwili.

Niliposoma haya mara ya kwanza nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikifunga kitabu kwa hasira. Mimi nilikalishwa chuoni kwa maalimu kabla sijajua mbili mara mbili ni ngapi, na kabla ya hesabu nilikwisha kufundishwa habari za Kiyama, za mizani na za Sirati. Sura ya Al-Asr, ambayo kila mtoto wa chuoni huihifadhi kwa kuwa ni fupi, ni sura ya kuapiwa wakati. Iweje basi mtu achukue neno zamani, ambalo asili yake ni ya Kiarabu, alitumie kuthibitisha kuwa Mwafrika hana kesho ya mbali? Na ile -ta- yetu tuiweke wapi? Atakuja kesho ni atakuja, na atafufuliwa Siku ya Kiyama ni atafufuliwa. -Ta- ni hiyo hiyo moja.

Wala si mimi peke yangu niliyekasirika. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alimshambulia Mbiti na wenziwe kuwa wanaivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987 aliikataa ile habari ya kukosekana kwa wakati ujao, akasema kwao Waakan haiko hivyo. Basi nikajiona niko katika kundi la wakubwa, nikastarehe na hasira yangu.

Hivi majuzi, mwezi wa Septemba, nilialikwa na shule moja ya sekondari huko Kitui nikawe mwamuzi katika mashindano ya mashairi. Nikasema moyoni: vyema, nitakwenda mpaka nyumbani kwa mgomvi wangu.

Kutoka Kibwezi

Niliondoka Mwembe Tayari baada ya sala ya alfajiri. Zamani (hilo ni zamani langu mimi, si la Profesa) mtu wa Mombasa akitaka Kitui ilimbidi azunguke hadi Machakos. Siku hizi hushuka Kibwezi akakata kulia kwa njia ya lami, akavuka mto Athi, akapita Ikutha na Mutomo mpaka Kitui mjini.

Kibwezi ni Makueni. Hapo nilikaa saa nzima nikingoja gari lijae, na kwa kuwa kungoja kuna faida zake, nilikumbuka kuwa elimu ya Kenya ilipata kupiga hema papo hapo ikang'oka. Wamishonari wa Kiskoti walifungua kituo Kibwezi mwaka 1891. Maradhi yakawashinda, na kufikia mwaka 1898 wakawa wamehamia Kikuyu. Huko Kikuyu ndiko ilikoanzishwa Alliance High School mwaka 1926, na huko ndiko alikopelekwa kijana Mbiti kutoka Kitui baada ya Vita vya Pili. Laiti mbu wa Kibwezi wangalikuwa na huruma kidogo, pengine angalisoma karibu na kwao.

Abiria mwenzangu, mwanamume wa makamo aliyekuwa na gunia la maembe yaliyokaushwa, alitaka tuzungumze siasa. Nikamwuliza juu ya Profesa Kivutha Kibwana. Huyu ni mwalimu wa sheria, ni mshairi, na ni mwandishi wa tamthilia iitwayo Kanzala. Makueni ilipopata gavana wake wa kwanza mwaka 2013 ilimpata yeye, akakaa hadi 2022. Waandishi kutoka mbali walikuja kutazama jinsi wananchi wanavyokalishwa vikao, kutoka kijijini hadi makao makuu, waseme wenyewe wanataka kisima ama zahanati ama soko. Si kwamba mambo yalikuwa shwari. Mvutano wa gavana na wawakilishi wa wadi ulifika mahali ambapo mwaka 2015 kaunti yenyewe nusura ivunjwe. “Alikuwa akituuliza sana,” akasema yule bwana, nami sikujua kama analalamika ama anasifu. Nafikiri ni tabia ya mwalimu mzuri, kuliuliza darasa kabla ya kuandika ubaoni. Kuna darasa lipendalo hivyo, na kuna darasa lipendalo kuandikiwa tu.

Baada ya Athi nchi inakuwa nyekundu, mibuyu imesimama bila jani, mbuzi wanatafuna kisichoonekana. Ikutha tulipita bila kusimama, lakini nilitoa kichwa dirishani. Walutheri wa Kijerumani walifika hapo mnamo miaka ya 1890, nao walianzia kwetu, Jimba, karibu na Rabai. Baadaye wakawa na kituo kingine Mulango, jirani na mji wa Kitui. Baada ya Vita vya Kwanza wamishonari wa Africa Inland Mission wakavirithi vituo hivyo, na ni katika kanisa na shule za hao ndimo alimokulia Mbiti.

Na kabla ya Wajerumani hao alipita mwingine, Johann Ludwig Krapf, naye pia kutoka Rabai. Alifika kwa Kivoi, mfanyi biashara mkuu wa Wakamba aliyekuwa akipeleka misafara ya pembe za ndovu Mombasa, na kutoka huko Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, akauona mlima wenye theluji ambao jina lake ndilo jina la nchi yetu leo. Wataalamu wa Ulaya walimcheka. Mwaka 1851 alirudi tena, na safari hiyo Kivoi aliuawa njiani wakielekea Tana. Sisi washairi wa Pwani Krapf tunamjua kwa jambo jingine: ndiye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi zetu za kale. Lakini alifanya na hili, ambalo mimi nililijua nikiwa mtu mzima: mwaka 1850 kule Tübingen alipiga chapa Injili ya Marko kwa Kikamba. Msomaji naomba aliweke jambo hilo kando, tutalirudia.

Mwalimu

Mashindano ya mashairi yalikwenda kama yaendavyo yote. Vijana walighani vizuri. Mizani ilikuwa ikipungua hapa na pale, na mmoja alinipa vina ambavyo ningependa kuwa navyo mimi. Jambo lililonipata lilikuwa baada ya hapo, nilipokaribishwa chai na mwalimu mmoja mstaafu, mama wa zaidi ya miaka sabini, aliyekuja kuwasikiliza wajukuu zake. Yeye alianza kufundisha darasa la kwanza wakati watoto wakisomeshwa kwa lugha ya mama, kwa vile vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu. Alipojua mimi ni mtu wa Mombasa alicheka.

“Mswahili umekuja kutufundisha Kiswahili?”

“La, Mwalimu. Nimekuja kudai maneno yangu mawili.”

Nikamweleza ugomvi wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kwetu mvua hunyesha mara ngapi kwa mwaka. Nikamwambia. Akasema, “Hapa ni mara mbili, na ya masika ni mwongo. Tunayoitegemea ni hii ya vuli, inayokuja Oktoba au Novemba. Sasa niambie wewe, mtu ambaye chakula chake kiko katika mvua ijayo, atapanga ya miaka kumi? Kusema kunasemeka. Nikitaka kusema mjukuu wa mjukuu wangu atajenga hapa, nitasema kwa Kikamba na utanielewa. Lakini ni nani aliyekuwa akisema hivyo?”

Nilinyamaza. Miezi sita: toka mvua hadi mvua. Miaka miwili: mvua ikikosa, ukavumilia, ikakosa tena. Nilikuwa nimeusoma ule ukurasa mara nyingi nikiutafuta ubishi, na sikupata kuiona mvua ndani yake. Ndipo nilipokumbuka mababu zangu wenyewe, watu wa majahazi. Wao nao walipanga kwa pepo: Kaskazi ikivuma vyombo vinateremka kutoka Arabuni na Bara Hindi, Kusi ikivuma vinarudi. Mfanyi biashara wa Mji wa Kale alikuwa akimwambia mwenziwe tutaonana Kaskazi, yaani panapo majaliwa, na mbele ya Kaskazi hiyo hakuwa na habari ya kumpa isipokuwa Akhera. Tulikuwa na kesho ya msimu na tulikuwa na kesho ya Kiyama. Hapo katikati pa miaka hamsini, wanapopazungumza mabwana wa mipango siku hizi, nasi tulikuwa hatuna neno.

Sisemi kuwa Mbiti alikuwa na haki yote. Bado naona alikosea kuipimia Afrika nzima kwa kibaba cha Kitui, na hao kina Gyekye wamemjibu vya kutosha. Lakini kosa la mtu aliyejua kwao vizuri mno si sawa na kosa la mtu asiyejua kwao.

Na kwao alikujua. Watu wengi humwona Mbiti kama profesa wa Ulaya, wakasahau kuwa alianza na Kikamba. Mwaka 1954, akiwa ametoka Makerere mwaka mmoja tu nyuma, kilitoka kijitabu chake cha hadithi ya Mutunga, kwa Kikamba kitupu. Akaenda Marekani kusoma dini, na aliporudi hakwenda kukaa ofisini. Alifundisha walimu katika chuo cha Kangundo kati ya 1957 na 1959, na mwaka huo 1959 akatoa msamiati wa Kiingereza na Kikamba. Kisha Cambridge, alikopata udaktari mwaka 1963. Kisha miaka kumi ya Makerere, 1964 hadi 1974, akiongoza idara ya masomo ya dini, idara iliyokuwa na jarida lenye jina la Kiswahili, Dini na Mila. Katikati ya shughuli hizo, mwaka 1966, alitoa kitabu cha hadithi za Wakamba. Ndani yake mna hadithi zaidi ya sabini, kati ya mamia aliyoyakusanya.

Hadithi hizo Wakamba huziita mbano, na moja ni wano. Yule mama alikuwa na nakala ya kitabu hicho, imechakaa, imeshonwa kwa uzi. Akanionyesha penseli pembezoni mwa kila ukurasa. Kitabu kiko kwa Kiingereza, naye kwa miaka mingi amekuwa akiwarudishia watoto zile hadithi kwa Kikamba, neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka zilivyokuwa zikisimuliwa na mamake. “Zilitoka hapa zikaenda Oxford kuchapwa,” akasema. “Mimi nazipokea kituo cha basi, nazivua makoti.”

Nikamwuliza kama watoto wa Kitui wanamjua mwenye kitabu. Akatikisa kichwa. Wanamjua mwanamuziki wa jana redioni, na hilo si baya, maana redio za Kikamba kama Musyi FM zimeifanyia lugha kazi ambayo shule hazikuifanya. Wanajua kusalimiana “Sasa?” asubuhi hadi jioni kama vijana wote wa Kenya, hawajui kuwa neno hilo lilipata kusomewa shahada na mtu wa kwao.

Ngoma na daftari

Niseme hapa jambo ambalo pengine litawaudhi baadhi ya wakubwa. Kwa miaka mingi serikali yetu ikisema utamaduni ilikuwa na maana ya ngoma uwanja wa ndege. Mgeni anashuka, Wakamba wanaruka. Na kweli wanaruka. Sijaona wachezaji Afrika Mashariki wa kuwapiku kwa kuruka na kwa ngoma zao, na Bomas of Kenya tangu miaka ya 1970 imewaonyesha ulimwengu. Mwaka 1995 Kitui ilimtoa mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Kenya, Bi. Nyiva Mwendwa, naye akapewa Wizara ya Utamaduni na Huduma za Jamii. Wako waliosema amepewa wizara ya ngoma. Walisema hivyo kwa dharau, na dharau yenyewe yaonyesha tulivyokuwa tukiufahamu utamaduni: kitu cha kupigiwa makofi kisha tuingie mkutanoni kwenye mambo ya maana.

Mbiti alishika njia nyingine, ya daftari. Naye hakuwa peke yake. Bwana D. N. Kimilu alitoa mwaka 1962 kitabu kizima cha mila za Kikamba kwa Kikamba, Mukamba wa Wo, na mpaka leo wazee wa Kitui na Makueni hukitaja kama mtu atajavyo shamba la urithi. Ukambani huko huko ndiko alikotoka Profesa Kyallo Wadi Wamitila, ambaye riwaya zake kama Bina-Adamu! na Kamusi yake ya Fasihi zinasomwa na wanafunzi wetu wa Pwani. Yaani wajukuu wa wenye lugha wanaifundishwa na mtu wa bara. Lipo somo ndani yake kwa sisi tunaodhani kuzaliwa na lugha kunatosha. Mwaka 2013 Kitui ilipata chuo kikuu chake kamili, cha South Eastern Kenya, hapo Kwa Vonza, mwaka ule ule ambao sisi tulipata cha Pwani kule Kilifi. Ningependa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kitakachokuwa cha kwanza kuwatuma wanafunzi wake na daftari kwa bibi zao.

Sasa turudi kwa ile Injili ya Krapf. Kitabu cha kwanza cha Kikamba kilitengenezwa na mgeni, mwaka 1850. Mbiti, alipokwisha kustaafu huko Uswisi alikokuwa mchungaji na mwalimu wa chuo kikuu cha Bern, alikaa miaka akalifasiri Agano Jipya lote kutoka Kiyunani hadi Kikamba, bila ya kupitia Kiingereza. Lilitoka mwaka 2014. Mimi si wa dini hiyo na sina la kusema juu ya yaliyomo. Lakini mtu mwenye umri wa miaka 83, aliyekwisha kupewa kila heshima ya Kizungu, kukaa kwenye baridi ya Uswisi akitafuta neno la Kikamba litakalolingana na la Kiyunani! Tangu hadithi ya Mutunga hadi Agano hilo ni miaka sitini. Nilidhani alitoka Kitui akaenda zake. Kumbe alikuwa akirudi muda wote huo.

Kaseti

Haya yote yalinichoma kwa sababu ambayo sikumwambia yule mama mpaka chai ilipopoa. Mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi, niliazima redio ya kaseti nikamweka bibi yangu kizani pake, nikamrekodi ngano kwa dakika tisini. Alisimulia kwa Kimvita cha ndani, kile ambacho hata mimi sikisemi tena sawasawa. Miaka miwili baadaye akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na miaka miwili baada ya hapo, palipokuwa na harusi jirani, mimi huyu huyu niliichukua kaseti ile ile, kwa kuwa mfukoni sikuwa na pesa za nyingine, nikarekodi juu yake taarabu ya Juma Bhalo. Pande zote mbili.

Yule mama hakunipa pole. Alinisukumia chaki. Mlikuwa na ubao nyuma yetu, na vijana wachache walikuwa bado hawajatoka. Akasema, “Waandikie hilo.” Nikaandika ubeti mmoja, umenitoka nikiwa nimesimama, msomaji atanisamehe ukiwa haukukomaa:

Sasa hurudi zamani, jua nalo likishuka,
Bibi yangu kaburini, jina lake hutajika,
Ngano zake sizioni, sauti imefutika,
Nitawaambia nini, wajukuu wakitaka?

Kijana mmoja akauliza kama hakuna hata ngano moja ninayoikumbuka. Nikasema iko moja, ila nusu. Ni ya zimwi aliyemeza mji mzima, watu na ng'ombe na kuku, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume. Mtoto akakua akamwendea zimwi kwa upanga, wakapigana siku tatu, na zimwi akaanguka. Hapo ndipo nilipopotelea. Najua watu wote walitoka wazima tumboni. Sijui walitokaje.

“Zimwi,” akasema yule mama. “Sisi tunamwita eimu. Ni huyo huyo.” Na akageuka akawaambia vijana kwa Kikamba, nao wakaguna kwa furaha, kisha akanifasiria. Eimu alipokuwa akikata roho alimwambia yule mtoto: usinipasue tumbo, utawaua wako, nikate kidole changu cha mwisho. Akakikata, na kwa tundu hilo dogo wakatoka mmoja mmoja, watu kwanza, kisha ng'ombe, kisha mbuzi.

Niliandika hayo papo hapo nyuma ya karatasi ya alama za mashindano. Nikaaga asubuhi ya pili. Ni muvea, nikamwambia, neno langu moja la Kikamba, naye akaniambia matamshi yangu ni ya mtu anayeuza mkaa.

Kibwezi, nikingoja basi la Mombasa, nilimpigia simu dada yangu mkubwa, aliyebaki katika nyumba ile ile ya Mji wa Kale. Hakusoma zaidi ya chuoni, na katika maisha yangu yote ya uandishi sijapata kumwuliza neno juu ya fasihi. Nikamsomea mwisho wa ngano kama nilivyoupata Kitui.

“Cha mwisho?” akasema. “Nani kakwambia? Ni kidole gumba. Cha mguu wa kushoto. Na kabla ya kukikata kuna wimbo.”

Nikamwuliza aliyajua wapi hayo.

“Kwa bibi, kwani wapi pengine? Wewe ulikuwa hulala ngano ingali katikati.”

Nikamwuliza anazo ngapi. Akanyamaza kidogo, nikasikia anahesabu, kisha akasema nimwache kwanza adhuhuri haijampita. Nilimwambia basi litafika Mombasa baada ya isha, asilale, na daftari jipya nimekwisha kulinunua hapo hapo Kibwezi.